Figo ya Kushoto

Sultan Hamud, 21 Januari 2024

Dada Tima,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, si umelala. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unalalamika, na wenyewe ulianza zamani. Mvua ya huku ilitupiga vizuri kabla ya mwaka mpya, shimo la kwari tunakochimba mawe bado lina maji chini. Mwambie mama blanketi lilifika na halijaibwa.

Naandika kwa kalamu kwa sababu ukipokea simu mama anaiweka kwa sauti ya juu, na jirani anajibu kabla yako. Mutunga, dereva wa lori letu la mawe, huja Kitui kila baada ya wiki mbili. Atakupa mkononi. Nawe ukiandika mpe yeye.

Jumanne nilienda Nairobi kwa ile picha ya figo. Damu yangu na yako zilishapatana, nakumbuka, hii picha ilikuwa ya kujua kama figo zangu zinafanya kazi sawasawa kabla sijakupa moja. Mama mmoja wa Matiliku anayeitwa Kanini, ndiye fundi wa pale, alinichoma sindano ya dawa yenye mionzi. Akaniambia dawa inakwenda kukaa kwenye figo, ningoje masaa matatu na ninywe maji. Nikamuuliza, "Nitang'aa gizani?" Akasema, "Ungeng'aa ningekutundika kwangu, stima imekatwa."

Halafu nililala kwenye kitanda chembamba kama ubao wa maiti. Kamera yenyewe ni sahani kubwa, iko chini ya kitanda. Nyingine iko juu lakini siku hiyo ilikuwa imeharibika. Haingurumi, haiwashi taa. Kanini alisema kamera hii haikumuliki, inangoja kinachotoka ndani yako. Aliniambia nitoe mshipi, simu, funguo na sarafu. Nikatoa. Nikalala dakika ishirini bila kusonga, na sikuumwa mgongo kwa sababu nilikuwa nimejifunga tyubu yangu. Unajua sisi wa kwari tunajifunga kiunoni, chini ya shati, mpira wa ndani wa gurudumu la lori, tunaukunja mara nne upande wa kushoto chini ya mbavu, pale ukingo wa jiwe unapokaa. Bila hiyo singeweza kulala chali hata dakika tano.

Majibu ni mwezi ujao. Naogopa, dada. Nakwambia wewe, usimwambie mama.

Ndugu yako,
Hemedi


Kitui, 8 Februari 2024

Ndugu yangu Hemedi,

Waalaykumu salaam. Barua imenikuta nimeketi, lakini ni kwa sababu nimefungwa kwenye mashine. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto una sindano mbili nene kama za kushonea magunia. Masaa manne, Jumatatu na Alhamisi. Damu inatoka, inaoshwa, inarudi baridi.

Mama hajambo, amepanda mchicha nyuma ya choo na hataki mtu aupitie. Watoto wangu wamerudi shule. Dada yetu Fahima alikuja na mumewe kutoka Mwingi, wamekaa siku mbili. Bado hawajapata mtoto na ameanza kuhesabu siku kwa vidole, nikajifanya sioni.

Kiti cha pili kutoka kwangu anakaa Kasyoki, mwalimu mstaafu, mama mwenye mdomo. Anasema mashine hii ni kama mume wa pili, ukichelewa kwake unavimba miguu, na ukimkuta hana mazungumzo. Jumatatu alimwambia nesi amletee soda, nesi akakataa, naye Kasyoki akasema, "Basi niletee daktari, yeye nitamnywa."

Kuhusu majibu yako sina la kuuliza. Yakija yamekuja. Wazee wa ukoo waliokuita kikao Desemba kuhusu figo, mimi sikuwatuma. Nataka ulijue hilo.

Kula vizuri. Acha chumvi.

Dada yako,
Tima


Sultan Hamud, 25 Februari 2024

Dada Tima,

Salamu kwako, kwa mama na mchicha wake, na kwa huyo Kasyoki ambaye tayari nampenda. Huku tumeletewa mpishi mpya. Mahindi yake ya muthokoi yana mawe kuliko kwari. Mutunga alivunja jino, akalifunga kwenye karatasi akampelekea msimamizi na kumwambia, "Hii ni mali ya kampuni, nimeichimba leo." Tulicheka mpaka tukakatwa mshahara wa nusu siku.

Majibu yametoka. Daktari alinikalisha akanionyesha picha, vivuli viwili kama maharagwe, kimoja cheusi sana, kingine hafifu. Figo ya kulia inafanya asilimia sitini na tatu ya kazi. Ya kushoto thelathini na saba. Akasema wakikupa ile dhaifu wamekupa taabu, na wakikupa nzuri wataniacha mimi na taabu. Kwa hiyo hapana. Alisema niwe nakunywa maji na nipimwe kila mwaka.

Pole sana, dada. Nimesikitika sana. Nilirudi kwa miguu kutoka hospitali mpaka stendi, sijui kwa nini, sikutaka kukaa. Nilinunua tikiti maji hapo stendi nikalila lote mwenyewe. Msimamizi hapa anasema kuanzia mwezi wa nne nitapewa kazi ya kuhesabu mawe badala ya kubeba, kwa sababu najua kuandika. Mwaka mmoja wa kazi hiyo na naweza kujenga chumba cha mabati pale nyuma ya nyumba ya mama. Nimeanza hata kufikiri dirisha likae wapi.

Mungu atafungua mlango mwingine kwako. Usivunjike moyo.

Ndugu yako,
Hemedi


Kitui, 30 Machi 2024

Hemedi,

Salamu za Ramadhani. Sifungi, daktari amekataza. Mama anafunga na kunilaumu kwa macho.

Majibu nimeyapata. Ahsante kwa kwenda.

Kasyoki alifariki Jumapili. Kiti chake kilikaa wazi siku moja, Alhamisi kulikuwa na kijana mwingine.

Wazee wamekutana tena. Fahima amekubali kupimwa.

Tima


Sultan Hamud, 12 Mei 2024

Dada Tima,

Assalamu alaykum. Nisamehe, wiki sita si mchezo. Mvua ilikata barabara, Mutunga alikwama mtoni siku mbili na mawe mgongoni. Hapo kwari ukuta mmoja ulianguka, hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Nimesikitika kuhusu Kasyoki. Wewe unaendeleaje? Miguu? Mama na watoto?

Kazi ya kuhesabu mawe nilipewa. Nakaa kwenye jiwe na daftari. Nimenenepa kidogo.

Mwezi uliopita, siku ya soko, nilikutana na yule Kanini wa picha kule Matiliku, amekuja kumwona mama yake, ananunua ndizi. Akanitambua. Tukakaa tukanywa chai. Nilimuuliza tu, kwa kupitisha wakati, picha ile inajuaje figo gani ni dhaifu. Akasema kamera inahesabu miale inayoifikia, basi. Lakini miale ikipita kwenye nyama, mingine inafia njiani. Figo iliyozama ndani zaidi inaonekana dhaifu hata kama ni nzima. Ndiyo maana hupiga mbele na nyuma, kwa sababu iliyo mbali na kamera ya nyuma iko karibu na ya mbele, halafu hufanya hesabu inayoondoa tofauti. Yangu ilipigwa nyuma tu, na aliandika hivyo kwenye ripoti. Akasema mara nyingi haileti shida kwa mtu mwembamba.

Basi tulizungumza hayo. Ndizi zilikuwa kubwa.

Fahima amepimwa? Nijulishe.

Ndugu yako,
Hemedi


Kitui, 2 Juni 2024

Ndugu yangu Hemedi,

Salamu. Tuko wazima, wa kuitwa wazima. Mchicha ulisombwa na mvua, mama amepanda tena. Mwanangu mkubwa amekuwa wa tatu darasani.

Fahima amepimwa damu na mkojo, zote zimepatana. Picha yake ni mwezi wa saba, na kama ni nzuri tutapasuliwa mwezi wa nane. Mumewe alikuja hapa akaketi kwenye kiti cha mlangoni, hakunywa chai. Akaniuliza, "Dada, akishatoa, tutangoja mtoto muda gani?" Nikasema daktari anasema mwaka. Akasema, "Mwaka." Kisha akasema, "Na kama mimba ikija na shida?" Nikamsogezea kikombe. Akavaa viatu.

Fahima mwenyewe, anayekaa kwetu wakati wa vipimo, anacheka tu. Ananiambia, "Dada, unapewa figo ya Mwingi, itakufanya upende kubishana." Usiku namsikia akizungumza na mumewe kwa simu kule jikoni, hacheki.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mara tatu kwenye mashine. Ulikutana na fundi ukamuuliza kwa kupitisha wakati. Wewe hujawahi kupitisha wakati, Hemedi. Tangu utoto ukiuliza kitu unakitaka. Kati ya nyama na ndizi umeruka jambo. Sijui ni nini na sikulazimishi.

Dada yako,
Tima


Sultan Hamud, 9 Juni 2024

Dada Tima,

Leo sina habari za watu. Nakuomba usome ukiwa peke yako.

Nilimuuliza Kanini swali jingine. Nilimuuliza, na kama mtu ana kitu kizito kati ya mgongo na kamera? Akasema hata mpira au ngozi nene ni kama nyama nyingine juu ya nyama, kamera haiwezi kujua, itaona miale michache na kudhani figo imechoka. "Ndiyo maana tunawaambia watu watoe mshipi," akasema. Akanitazama akauliza, "Kwani ulikuwa na kitu?"

Nikasema hapana.

Nilikuwa na tyubu, dada. Mikunjo minne ya mpira wa lori, upande wa kushoto, juu ya figo ya kushoto. Siku ya picha sikudanganya, nakuapia. Alisema mshipi nikatoa mshipi wa suruali. Tyubu hakuna anayeiita mshipi huku. Tunasema ukiifungua kabla ya kazi ya wiki kwisha mgongo unafunguka, kwa hiyo mtu anasahau kuwa ameivaa, kama meno yake. Nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja.

Lakini tangu siku ya soko nilijua. Mwezi mmoja na nusu sasa. Na nitakwambia yote kwa sababu nikianza kuchagua nitachagua lililo jema kwangu. Siku ile daktari aliposema hapana, nilitoka nje nikasujudu nyuma ya maegesho ya magari. Sikusujudu kwa ajili yako. Lile tikiti maji nililila kwa furaha.

Naogopa kisu. Naogopa kuamka na upande mmoja mtupu. Nimesoma mpaka darasa la sita, sina shamba, sina mke, nina huu mwili, na msimamizi hapa haajiri mtu aliyepasuliwa. Wazee walipoketi Desemba waliniangalia kama ng'ombe wa mahari. Hakuna aliyeuliza. Walisema, "Hemedi atatoa," kama vile kusema Hemedi ataleta kiti. Ripoti ile ilikuwa mlango pekee, na nilipoona umefunguliwa kwa makosa nilipita nikaufunga nyuma yangu kimya kimya.

Sasa wamemweka Fahima nilipokuwa mimi. Nikinyamaza anapasuliwa yeye. Nikisema napasuliwa mimi. Kila asubuhi nahesabu mawe, nafika arobaini, napotea, naanza tena.

Sijui nataka uniambie nini. Niambie kitu.

Hemedi


Kitui, 14 Julai 2024

Hemedi,

Mutunga amekuja mara mbili akarudi mikono mitupu kwa sababu yangu. Usimlaumu.

Niliposoma nilikasirika mpaka kipimo cha presha kikalia na nesi akaja mbio. Akauliza, "Umepata habari mbaya?" Nikasema ndugu yangu ni mzima. Akasema, "Sasa hapo shida iko wapi?"

Nilijua ulifurahi. Barua yako ya Februari ndiyo yenye mzaha kuliko zote. Uliandika pole mara moja na dirisha la chumba ukaliandikia mstari mzima. Nilikuchukia kwa siku kadhaa. Halafu nikamfikiria Kasyoki, ambaye alikuwa na watoto sita na hakumwomba hata mmoja, na watu walimsifu sana kaburini.

Na mimi niseme langu. Mwezi wa Ramadhani nilikosa mashine mara nne. Nilimwambia mama imeharibika. Nilikaa chumbani miguu imevimba, pumzi fupi, nikifikiri nikiondoka kwa njia hii hakuna atakayeitwa kikao tena. Mara ya nne usiku nilishindwa kuvuta hewa nikapiga kelele mwenyewe. Niliwaamsha watoto. Nilikimbilia mashine kama mtu anayekimbilia basi. Basi nikajijua.

Nimejaribu kukuandikia neno moja, usije. Karatasi tatu nimezichana. Wewe ni ndugu yangu mdogo, nilikubeba mgongoni nikiwa mdogo kuliko wewe wa leo mara tano, na ningepaswa kuliandika. Siwezi. Nataka kuishi, Hemedi. Nataka kuishi na naona aibu. Sikuombi, lakini usingoje kutoka kwangu ruhusa ya kukaa.

Fahima sijamwambia. Hilo ni lako. Picha yake ilisogezwa mpaka tarehe thelathini kwa sababu dawa ya mionzi haikufika.

Tima


Sultan Hamud, 18 Agosti 2024

Dada Tima,

Assalamu alaykum. Salamu kwa mama na watoto. Nilipata barua yako tarehe ishirini mwezi uliopita. Siku mbili sikwenda kazini, siku ya tatu nikampigia Fahima. Alicheka, kisha akanitukana matusi ya Mwingi ambayo sitayaandika. Mwishoni akaniuliza, "Umekula?" Unamjua. Mumewe alichukua simu akasema ahsante mara nyingi mpaka nikamwomba akate.

Nikampigia Kanini nikamwambia nilimdanganya kwenye chai ile. Akasema, "Unajua ningeweza kufutwa kazi na mpira wako?" Kisha akasema njoo Alhamisi, kamera ya juu imetengenezwa. Safari hii alinipapasa kiuno mwenyewe kama askari wa lango. Nikalala juu ya ubao ule nikiwa sina kitu, na mgongo uliniuma dakika zote ishirini. Mbele na nyuma. Akafanya hesabu yake ya kuondoa kile ambacho nyama imemeza. Kushoto arobaini na tisa, kulia hamsini na moja.

Nilizitazama namba zile muda mrefu. Kanini akasema, "Wengine wakisikia hivyo hushukuru." Nikasema najua.

Jana daktari aliniita peke yangu. Alifunga mlango, akavuta kiti karibu. Akaniuliza, kuna mtu anakulazimisha? Nikatazama fomu iliyokuwa mezani. Akasema, "Sikiliza Hemedi. Ukitaka kutotoa, huhitaji kumwambia mtu. Sisi tutaiambia familia kwamba hufai. Hatutasema sababu. Hakuna atakayejua, hata dada yako. Hii ni haki yako na tunawafanyia wengi."

Kwa hiyo mlango ulikuwepo tena, dada, na sasa ulikuwa wa halali, unafunguliwa na daktari mwenyewe. Nilifikiri sana. Nakwambia ukweli, nilifikiri mpaka akatazama saa. Lakini mle ndani ya siri anamotaka kuniingiza mimi nimeshaishi, kutoka siku ya soko mpaka tisa Juni. Nimeshakula humo, nimelala humo, nimehesabu mawe humo.

Nikamwambia hakuna anayenilazimisha sasa, na kwamba naogopa sana, aandike yote mawili. Akasema fomu ina nafasi ya jibu moja tu. Nikamwambia aandike hilo la kuogopa pembeni.

Akaandika. Upasuaji ni tarehe kumi na saba Septemba, asubuhi. Nitakuja Kitui siku tatu kabla. Mama asiniwekee chumvi.

Hemedi